Hakuna Aliyepinga

Nianze na kosa, maana wenzangu wa kazi wana tabia ya kulificha kosa kwenye aya ya mwisho, chini ya takwimu. Kosa langu lilichukua sekunde tatu hivi. Niliwauliza wazee kumi na mmoja wa Kwa Nzau kama kuna mwenye pingamizi, wakanyamaza, nikagonga meza, nikasema imepita. Watu watano walikufa kwa ajili ya sekunde hizo.

Mimi ni mchumi. Nilizaliwa Tawa, nikasoma Nairobi, nikaajiriwa serikalini kukokotoa bei za mahindi na sukari. Siku moja bosi wangu alikuwa aende mkutano wa biashara ng'ambo, akashikwa na malaria, nikatumwa mimi nimbebee mafaili. Nilirudi nimebeba mafaili na kazi yake. Mwisho wa yote wakaniita Balozi Ndunge, nikakaa Geneva miaka tisa nikiipigania nchi hii kwenye mambo ya pamba, samaki, maua na chai. Watu wa kwetu walidhani nashinda nikila chokoleti. Nilikuwa nakula mikate mikavu ndani ya vyumba visivyo na dirisha, nikibishana na wanaume wenye suti kuhusu mahali pa kuweka koma.

Huko nilijifunza ujanja mmoja unaoushinda mwingine wote. Huwaulizi watu kama wanakubali, kwa sababu kila mmoja atataka kuhutubia. Unauliza kama kuna anayepinga. Kimya kikikaa kidogo unagonga meza, na atakayelalamika kesho ataulizwa jana alikuwa wapi. Niliwahi kupitisha ibara nzima ya ruzuku ya pamba mjumbe mmoja akiwa ameenda msalani. Aliporudi anafunga mkanda, mimi nilikuwa nafunga faili. Wenzangu walinipongeza kwa kunipiga mgongoni, na mimi mjinga nikajiona mwamba.

Nilistaafu, nikarudi Tawa, nikajenga nyumba ya kupumzikia. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa nimechoka kupumzika. Kwa hiyo nilipopigiwa simu kwamba jina langu limo kwenye orodha ya watatu wa kuongoza sekretarieti mpya ya biashara ya ukanda huu, nilicheza peke yangu jikoni. Sitaki kudanganya: niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume yeyote. Waliniambia nipeleke ushahidi wa usuluhishi nilioufanya karibuni. Nikawa sina. Ndipo kamati ya amani ya upande wa Kitui ikanitafuta.

Kwa Nzau iko mashariki ya mbali ya Kitui, mahali lami imekata tamaa kitambo. Kaka yangu Mwangangi alihamia huko ujanani kwa sababu mashamba ya Tawa yalikuwa yamegawanywa hadi yakabaki vipande. Analima ndengu, anafuga mbuzi, analalamika. Pale sokoni kuna familia za Kisomali zilizofungua maduka tangu zamani, na kiangazi kikizidi huja jamaa zao wachungaji na ngamia zao. Kitu kinachowagombanisha watu pale ni kimoja tu, bwawa.

Mwezi wa saba ngamia waliingia shamba la mjane anayeitwa Syombua, wakala ndengu ambazo zilibakisha wiki moja kuvunwa. Syombua akatoka na fimbo. Alikutwa kwenye mtaro, fuvu limepasuka. Vijana wa Kwa Nzau wakawakata ngamia kumi na wawili mishipa ya miguu, wakawaacha wakijikokota kwa magoti, wakilia kutwa nzima. Siku ya tatu nyumba saba za wakulima zilichomwa mchana kweupe, na katika moja kulikuwa na mzee kiwete. Halafu mchungaji wa miaka kumi na tisa akapigwa mshale wa sumu akiwa ameinama kunywa maji. Kaka yangu alinisimulia hayo kwa simu, tena kwa hasira, kwa sababu na yeye ekari zake mbili ziliishia matumboni mwa ngamia.

Nilifika Kwa Nzau nimevaa viatu vya kufunika na kofia ya jua, na nilichokiona kichwani mwangu kilikuwa mgogoro wa soko. Huyu ana maji, yule ana mifugo, kazi ni kuandika masharti. Mtu akijua kushika nyundo vizuri, kila kitu anakiona msumari.

Tulikaa kanisani siku mbili. Wakulima waliongozwa na Mzee Kiema, mzee wa kanisa mwenye umri wa miaka sabini, mtu wa maneno machache. Wachungaji waliongozwa na Ugas, mrefu, mkavu, asiyejua Kikamba na mwenye Kiswahili cha kununulia sukari tu. Katikati alikaa Hodan. Alikuwa na duka la nafaka na maziwa ya ngamia pale sokoni kwa miaka ishirini, na Kikamba chake kilikuwa safi kuliko changu ambacho kimeshika kutu Ulaya. Kila neno lililovuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili lilipitia kinywani mwake.

Mwanawe Abdiaziz alikuwa akituletea chai. Kazi yake hasa ilikuwa kununua mbuzi vijijini na kuwasafirisha kwa lori hadi Malili na masoko mengine ya barabara ya Mombasa. Aliniita mwaitu, yaani mama, kama kijana yeyote wa Kikamba anavyomwita mwanamke wa rika langu. Alinitania kwamba Geneva wamenifundisha kunywa chai bila sukari ndiyo maana nimekonda. Nilimpenda mara moja.

Jioni ya siku ya pili nilikuwa na ibara nne. Ngamia watanyweshwa bwawani Jumatatu na Alhamisi, asubuhi hadi adhuhuri. Watapita kwenye mto mkavu, wasiguse shamba. Wachungaji wataacha bunduki mbali, na wakulima wataacha pinde nyumbani. Ugas alishakubali yote. Iliyobaki ilikuwa sauti ya wazee wa Kwa Nzau.

Sasa, kwetu mzee hakubali jambo zito akiwa amekaa mbele ya aliyelileta. Anasikiliza mpaka mwisho, ananyamaza. Halafu wazee wote wanainuka, wanatoka nje, wanakaa peke yao, wanatukanana huko wakitaka, na wanarudi na sauti moja. Kile kimya cha ndani si jibu. Babu yangu alikuwa mzee wa namna hiyo, na nimekua nikiwabebea viti vyao kuwapeleka nje. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba sikujua mila, kwamba nilikaa Ulaya sana. Nilijua.

Lakini ile ofisi ya Nairobi iliyokuwa ikichagua mkuu wa sekretarieti ilitaka karatasi zangu kabla ya kesho saa nne. Dereva alikuwa ameshawasha gari. Nilijua wazee wakitoka nje wanaweza kurudi baada ya saa moja au baada ya wiki moja. Nikauliza, "Kuna mwenye pingamizi?" Nikamwona Mzee Kiema akiokota kofia yake sakafuni na kushika magoti ili ainuke. Nikaigonga meza kwa kitako cha chupa ya maji. "Imepita."

Akina mama wa kanisa wakaingia na sufuria za pilau, na kelele za sahani zikafunika kila kitu. Hodan akaniinamia. "Balozi, wazee hawajatoka nje."

"Hakuna aliyepinga, Hodan."

"Hata hawajaongea. Sasa mimi niwaambie nini watu wetu?"

"Waambie imepita."

 Angeweza kukataa, lakini mimi ndimi niliyekuwa balozi. Akamgeukia Ugas, akatafsiri, na yule mzee akaweka mkono kifuani, akamshukuru Mungu. Kiema alikula, akanawa mikono, akaniambia, "Basi tutaonana, mama." Alimaanisha kikao kinaendelea siku nyingine. Mimi nikasikia kwaheri.

Kuhusu saini, nilichukua ile orodha ya mahudhurio ambayo wazee walitia saini asubuhi, nikaibana nyuma ya ibara zangu kwa pini, nikapiga muhuri wa kamati juu yake. Ukiishika mkononi, ilikuwa mkataba kamili. Nikampa Hodan nakala, yangu nikaituma Nairobi kwa simu nikiwa njiani. Walijibu kwa mstari mmoja, kwamba wamefurahi, na mahojiano ni Jumanne ijayo.

Alhamisi nilirudi nipige picha za ngamia wakinywa maji kwa amani. Picha mbili tatu za kuonyesha pale mezani. Nilifika kwa kaka yangu asubuhi, nikamkuta uani akitia jembe mpini. Hakunikaribisha vizuri. "Nasikia wasiwasi," alisema. "Vijana wameamka mapema na sioni wakienda shamba." Nikamwambia aache uzee. Akasema angekuwa na bunduki angewamaliza ngamia wote hao, wimbo aliokuwa akiuimba tangu mwezi wa saba.

Kutoka kwake unauona mto wote. Saa tatu kasoro wakaanza kushuka, ngamia mia mbili na zaidi, na vumbi lao. Wachungaji walikuwa na fimbo na visu vya kiunoni tu, kwa sababu ibara ya tatu iliwataka waache bunduki, wakaziacha. Mbele yao alitembea Abdiaziz kwa vile yeye ndiye ajuaye lugha. Alivaa shati jeupe la Ijumaa ingawa ilikuwa Alhamisi, na karatasi yangu ameitia kwenye jalada la plastiki. Alinipungia mkono. Nikainua simu nimpige picha.

Mshale wa kwanza ulimwingia ngamia wa mbele shingoni. Alipiga kelele kama bati linalochanwa, akageuka, akaangukia waliomfuata. Wa pili ulimpata mzee mmoja mchungaji aliyeitwa Awo, mwenye ndevu za hina, tumboni. Aliketi chini taratibu, akaushika mshale kwa mikono miwili, akaanza kutapika povu. Halafu kingo zote mbili za mto zikainuka watu. Walikuwa wamelala kwenye vichaka tangu alfajiri, baada ya kupata habari sokoni kwamba wachungaji wanakuja na kundi zima siku ile. Kwao huo ulikuwa uvamizi.

Niliona panga likimwingia mtu begani na kukwama, na aliyelishika akiweka mguu kifuani mwa mwenzake ili alivute. Niliona mkulima akiangukiwa na ngamia, nusu yake ya chini ikapotea chini ya yule mnyama, nusu ya juu ikiendelea kumwita mkewe. Mchungaji mmoja alikimbia na mshale mgongoni hatua kumi, kumi na tano, kisha miguu ikasahau kazi yake. Abdiaziz alisimama katikati ya hayo ameinua karatasi juu. "Tumekubaliana! Barua ndiyo hii! Majina yenu yako hapa!" Alisema kwa Kikamba kizuri kabisa. Panga likaja juu ya mkono ule ule, na karatasi ikaanguka pamoja na vidole viwili.

Alikimbia kuja kwetu. Kwa nini kwetu? Kwa sababu mimi nilikuwa huko.

Mwangangi, aliyetaka ngamia wote wafe, alilisogeza lango la miiba, akasema, "Ingia." Akamkalisha ndani, akamfunga mkono kwa leso ya mkewe, akampa maji ya kunywa kwenye kikombe. Kijana alikunywa nusu, nusu ikamwagikia kifuani. Aliniangalia mimi. "Mwaitu, waambie," alisema. "Wewe uwaambie tu."

Nikatoka nikasimama mlangoni. Walikuwa kama arobaini, wanahema, na mbele yao Mzee Kiema, damu mpaka kwenye kiwiko, si yake. Wengine walikuwa wanasukumana waingie. Kiema akainua mkono juu, na watu wote wale wakanyamaza. Sijawahi kuona mwenyekiti wa kikao chochote duniani akitiiwa vile.

"Mama," alisema, "sisi tumeua watu hapo mtoni. Mungu ameona. Tumeua kwa sababu walikuja kwa nguvu siku ambayo hatujawaita. Lakini huyu kijana anapiga kelele ati tuliwaita. Ati iko barua, na majina yetu. Kama tuliwaita, basi sisi tumeua wageni, na huyu siwezi kuguza. Wewe ndio ulikaa katikati. Tuambie. Hawa waliambiwa tumekubali ama hawakuambiwa?"

Jibu lilikuwa jepesi. Waliambiwa. Niliwaambia mimi. Ninyi hamkuwa mmekubali na kijana hana kosa. Kiema mwenyewe aliniambia baadaye, akiwa rumande, kwamba angesikia hayo angemshika kijana mkono na kumsindikiza hadi barabara kuu, na atakayemgusa angepita kwanza kwake. Ninamwamini.

Lakini nyuma ya bega la Kiema kulikuwa na mtu ameinua simu, anarekodi. Nikaona ile simu. Nikaona Jumanne, meza ndefu, watu watano wenye miwani, na mmoja wao akiitazama video hii. Naona aibu kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa: kijana anavuja damu hatua tatu nyuma yangu, na mimi nafikiria Jumanne.

Nikasema, kwa Kiswahili cha taarifa ya habari, "Kikao kilifikia maelewano ya jumla kwa mujibu wa utaratibu. Iwapo kuna tofauti ya tafsiri, upo mkondo wa kuishughulikia."

Kiema alikunja uso. "Hiyo ni ndio ama ni la?"

"Ni suala la tafsiri, mzee."

"Sema na Kikamba."

Nilifungua mdomo. Sentensi ile haina Kikamba. Kikamba kingenilazimisha kutaja nani alimwambia nani nini, na mimi nilikuwa nimeishi miaka tisa kwa kukwepa kutaja. "Nitatoa maelezo kwa maandishi," nikasema.

 Halafu akaushusha mkono.

Waliingia kama maji. Mimi nilisukumwa tu, nikaanguka kati ya kuku. Hakuna aliyeona haja ya kunipiga. Mwangangi aliuziba mlango kwa mwili wake, na ule mpini mpya mkononi. "Huyu amekunywa maji yangu!" aliwapigia kelele. "Amekunywa maji ndani ya nyumba yangu!" Alivunja taya la mtu wa kwanza, wa pili akampasua paji. Walikuwa majirani zake. Mmoja alikuwa amemsimamia harusi. Panga likamkata mkono wa kulia juu kidogo ya kifundo, ukabaki unaning'inia kwa ngozi, na bado akawa anazuia kwa bega. Ndipo wakamkanyaga, wakapita.

Walimtoa Abdiaziz kwa miguu, kichwa kikigonga kizingiti. Alikuwa akiwaita kwa majina. Aliwajua wote, alikuwa amewabebea mbuzi wao kwenye lori. Alimtaja huyu, akamtaja yule, akamuuliza mmoja hali ya mtoto wake aliyekuwa hospitalini. Pale uani kulikuwa na mawe ambayo kaka yangu alikuwa ameyakusanya ajengee tangi. Waliyatumia hayo. Majina yaliendelea kusikika kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani mtu anaweza, kisha yakawa hayaeleweki, kisha yakakoma. Mimi nilikuwa bado nimekaa chini, viganja kwenye kinyesi cha kuku.

Polisi walifika adhuhuri. Walimshika Kiema akiwa ameketi peke yake kanisani, hakukimbia. Watatu walikufa mtoni upande wa wachungaji, na yule mkulima aliyelaliwa na ngamia akafa barabarani kabla ya kufika kwa daktari. Wa tano alikuwa Abdiaziz.

Video ilisambaa jioni ile. Niliposikia simu ya kutoka Nairobi nilijua mambo yameharibika. Aliyepiga alinipa pole, akasema kwamba wote wameitazama na wamevutiwa na utulivu wangu chini ya shinikizo. Jumanne iko palepale. Nilimshukuru. Kweli nilimshukuru, nikakata simu.

Siku ya tatu nilikwenda kumwona Mwangangi hospitalini. Mkono walikuwa wameutoa. Alikuwa ameangalia ukutani, na nilidhani hatanisemesha.

"Mwana wa mwaitu," alisema bila kugeuka, "kile kitu ulishindwa kusema kilikuwa kizito namna gani?"

 Akaniambia kwamba mkewe amepigiwa simu na mwanamke wa dukani. Hodan alikuwa amemzika mwanawe Makindu, kwa watu wake, kwa sababu Kwa Nzau hapakuzikika. Sasa jamaa walikuwa wamekusanyika huko Makindu na malori matatu, na safari hii hawaendi na fimbo. Wanasema wazee wa Kwa Nzau walitia saini mkataba ili wawavute watu mtegoni bila bunduki. Mkewe na watoto walikuwa bado nyumbani, na hawakuwa na pa kukimbilia. "Nenda ukaseme," aliniambia kaka yangu. "Na usiseme na Kiingereza chako cha Kiswahili."

Nilimwambia dereva twende Makindu. Sikumwita polisi wala kamati, kwa sababu nilijua wangenipa nafasi ya kuzungumza vizuri tena.

Walikuwa nyuma ya ghala moja karibu na reli, mchana, baada tu ya swala. Wanaume sitini hivi. Lori la kwanza lilikuwa linanguruma tayari, na kwenye ngazi yake kulikuwa na magunia marefu ambayo hayakubeba mahindi.  Kijana mmoja alinijia mbio na kisu, Ugas akamzuia kwa kunyoosha fimbo yake tu. Hodan alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya ukuta, uso mkavu. Nadhani machozi yalikuwa yameisha.

Ugas alisema kitu, na Hodan, kwa mazoea ya kazi, akakitafsiri bila hata kuinua macho. "Anauliza umekuja kusema nini. Anauliza, wale watu walikubali halafu wakatugeuka?"

"Hapana," nikasema. "Hawakukubali. Wazee hawakuwa wametoka nje. Mimi niliandika wamekubali kwa sababu nilikuwa na haraka ya kupata kazi. Zile saini ni za mahudhurio. Walipowaona mtoni walidhani mnawavamia. Na Abdiaziz alipokuwa ndani, Mzee Kiema aliniuliza mbele ya watu wote, alikuwa tayari kumwachilia. Nilijua jibu. Nikaficha, kwa sababu nilikuwa narekodiwa. Kosa ni langu mimi, si la Kwa Nzau."

 Ugas alimgeukia Hodan asubiri tafsiri.

 Hakuna mwingine pale aliyekielewa Kiswahili changu chote, nadhani, na hata kama yupo, neno la Hodan ndilo lililosubiriwa. Angeweza kusema lolote. Angeweza kuniacha mimi niondoke na kuwapeleka wale wanaume na bunduki zao kwa kila nyumba ambayo jina lake lilitajwa na mwanawe siku ile, na nani angemlaumu? Injini ya lori ilikuwa ikinguruma. Alisimama, akajifunga shuka vizuri, akaanza kutafsiri. Alitafsiri polepole, kipande kwa kipande, akininyooshea kidole kila alipofika kwangu. Alipofika kwa jina la Abdiaziz sauti ilimkatika, akalirudia, akaendelea mpaka mwisho. Hakuruka kitu. Niliona kwenye nyuso zao kwamba hakuruka kitu.

Ugas akamwambia dereva neno fupi, na lori likazimwa. Aliketi chini pale pale kwenye vumbi kama mtu aliyekatwa kamba.

Hodan akaichukua fimbo mkononi mwa Ugas. Ilikuwa ya kuchungia ngamia, ngumu, ndefu. Pigo la kwanza lilinipata mdomoni, nikasikia meno yakivunjika. La pili sikioni. Nilipoanguka alinifuata, akanipiga mgongoni, mikononi, kichwani, bila kulia na bila kutukana, kwa pumzi za mtu anayetwanga. Hakuna aliyemzuia. Mimi sikujikinga, si kwa ushujaa, ila niliona mikono yangu haina haki ya kuinuka. Alipochoka alisimama juu yangu, akaitupa fimbo, akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu.

"Kumbe," aliniambia kwa Kikamba, "kumbe unajua kusema."